Stesheni ya Kasese na mzigo wa Kirumba

Mkoa wetu wa Kivu Kaskazini haukuwahi kujengewa reli. Hakuna mtoto wa Kirumba, wa Lubero wala wa Butembo aliyewahi kuamshwa alfajiri na honi ya gari la moshi kwao. Hata hivyo stesheni tulikuwa nayo. Ipo Kasese, nchini Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori, kama kilomita 60 kutoka mpaka wa Kasindi. Ilifunguliwa mwaka 1956, ikanyamaza mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa miaka ile 40 hapakuwa na mwisho wa reli uliokaribia mashamba yetu ya kahawa kuliko ule.

Ninaandika habari zake leo kwa sababu Kampala imeanza tena kuzungumzia reli ya kuja magharibi, safari hii hadi Mpondwe kabisa, kwenye kingo za mto Lubiriha, mahali ambapo mtu wa Kasindi akipaza sauti anasikika ng'ambo. Wengi huku wameanza kufurahi. Mimi pia nafurahi, lakini naomba kwanza tuitazame Kasese vizuri. Stesheni ile ilijengwa kwa ajili ya mzigo mmoja wa kampuni moja. Mzigo huo ulipokwisha, magunia ya watu wengine wote hayakuonekana kuwa sababu ya kutosha ya kuendelea kuendesha treni. Reli mpya ikija kwa mtindo huo huo, itakufa kifo hicho hicho, na sisi wa upande wa Kongo tutabaki watazamaji kwa mara ya pili.

Njia yenyewe ni ya zamani kuliko Mbelgiji na kuliko Mwingereza. Kabla ya mpaka, watu wa milima ya Lubero walikuwa wakishuka hadi ziwa tunaloliita leo Edward, na kutoka huko biashara yao ilifika Katwe, kwenye ziwa dogo la chumvi lililo ufukweni upande wa kaskazini. Chumvi ya Katwe ilipanda milima hii migongoni mwa watu, vyakula vikateremka. Wafalme wa Bunyoro na wa Toro waliigombania chumvi hiyo, na mwaka 1891 Lugard naye akajenga ngome pale pale Katwe. Makubaliano ya mwaka 1910 kati ya Wabelgiji na Waingereza yalipoupanga mpaka, Katwe ikabaki Uganda na sisi tukabaki Kongo, lakini jamaa hawakugawanyika kirahisi namna hiyo. Mkonzo wa Bwera na Mnande wa Kyondo bado wanasikilizana bila mkalimani, na soko la Mpondwe bado linajaa watu wa pande zote mbili. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mzigo wa Kongo kupitia Uganda ni jambo la dharura lililoletwa na vita. Njia hii imekanyagwa vizazi vingi.

Wabelgiji walikuwa na mawazo mengine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, walowezi walipogawiwa ardhi Kivu na kuanza kupanda kahawa, kisha pareto na ngano kwenye miinuko yenye baridi, serikali ya koloni ilitaka mavuno yote yatokee Matadi, kwenye bandari ya Kongo yenyewe. Reli iliyokuwepo upande wa kaskazini ni ile ya Vicicongo, iliyotoka Aketi ikapita Isiro na kufika Mungbere mwaka 1937. Isiro enzi hizo iliitwa Paulis, kwa jina la kanali aliyeongoza kazi za reli. Ilikuwa reli nyembamba ajabu, sentimita 60 tu kati ya chuma na chuma, iliyojengwa hasa kwa pamba ya Uele.

Hebu tulifuate gunia moja la kahawa la Beni kwa njia hiyo. Linapakiwa kwenye lori na kukata msitu wa Ituri hadi Mungbere. Linashushwa, linapakiwa kwenye kabehewa. Treni inajikokota hadi Aketi. Linashushwa tena, linaingia kwenye mashua ya mto Itimbiri, kisha linateremka na mto Kongo hadi Léopoldville. Hapo linatolewa majini na kutiwa kwenye treni nyingine, ya upana mwingine, hadi Matadi, na ndipo linaiona meli. Kila kituo kina makuli wake, ghala lake, mvua yake, panya wake na mwezi wake wa kusubiri. Kahawa ni mmea wa heshima: ikilala mahali penye unyevu inapoteza harufu na rangi, na mnunuzi wa Antwerpen hakuwa na haja ya kujua ni ghala gani lililoiharibu. Alikata bei.

Sasa tulifuate gunia lile lile upande wa pili. Lori linateremka kutoka Beni hadi Kasindi, kilomita 80. Linavuka Lubiriha, linapita uwanda wa hifadhi ambao tangu 1954 umeitwa kwa jina la Malkia Elizabeth, linafika Kasese. Gunia linaingia kwenye behewa mara moja, na behewa hilo, kwa kuwa reli ni ya upana uleule wa mita moja tangu Kasese hadi baharini, laweza kufika Mombasa bila gunia kuguswa tena. Safari ni zaidi ya kilomita 1,600, lakini ni safari ya mkono mmoja. Mfanyabiashara yeyote wa Butembo, hata asiyejua kusoma, angekuambia ipi ni njia na ipi ni mateso.

Lakini Waingereza hawakuijenga Kasese kwa kutuhurumia. Reli ya Uganda iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901 iliingia Kampala mwaka 1931 tu, na hapo ikasimama miaka 20. Kilichoisukuma magharibi ni shaba. Msafara wa Duki wa Abruzzi, Mwitaliano aliyepanda vilele vya Ruwenzori mwaka 1906, ulirudi na habari za mawe yenye madini upande wa Kilembe. Miaka ikapita. Baada ya vita kuu ya pili bei ya shaba ilipanda, na mwaka 1950 ikaanzishwa kampuni ya Kilembe Mines kwa mtaji mkubwa wa Wakanada. Walihitaji vitu viwili: umeme na reli. Umeme ulitoka kwenye bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, na tanuri la kuyeyushia shaba likajengwa huko huko Jinja. Reli ikaanza kulazwa kutoka Kampala, kilomita 333 za mabonde na mabwawa ya mafunjo, ambako wahandisi walimwaga udongo na mawe ukazama, wakamwaga tena, hadi tuta likashika. Mwaka 1956 treni ikafika Kasese, na mgodi ukaanza kuzalisha mwaka huo huo.

Mji ulizaliwa hapo. Kasese ulikuwa uwanda wa joto chini ya milima, na ghafla ukawa na jengo la stesheni, jukwaa, maghala, njia za kugeuzia vichwa vya treni, nyumba za wafanyakazi, maduka ya Wahindi, na barabara ya kupanda Kilembe. Abiria walisafiri usiku hadi Kampala. Mzigo mkubwa ulikuwa mchanga wa shaba uliochenjuliwa Kilembe, uliopelekwa Jinja kuyeyushwa. Mabaki yake yenye kobalti hayakuwa na soko wakati ule, kwa hiyo yalirundikwa pale Kasese mpaka yakawa vilima vyenye rangi ya kutu.

Pembeni mwa shaba hiyo ndipo tulipoingia sisi. Stesheni ya mizigo, tofauti na mgodi, haichagui mwenye mali. Lori linarudi kinyumenyume hadi kwenye jukwaa la ghala, magunia yanawekwa kwenye mizani ya sakafuni, karani anaandika uzito na jina, anachana stakabadhi, nakala moja ya mwenye mzigo na nyingine inakwenda na treni. Behewa likijaa mlango unafungwa na kupigwa lakiri ya risasi. Kuanzia dakika hiyo mwenye gunia anaweza kwenda kulala, maana karatasi aliyonayo mfukoni ina thamani: anaweza kuionyesha kwa mkopeshaji. Kwa mkulima au mchuuzi mdogo, karatasi hiyo ilikuwa mlango wa kuingilia biashara ya dunia. Watu wanaoizungumzia reli mara nyingi husahau karani na mizani yake, wakaona injini tu.

Kahawa yetu, pamoja na papaini ya Beni na magamba ya mkwinini ya miinuko ya Butembo na Lubero, ilikuwa mali ya kwenda nje, na Mombasa ndiyo bandari yake ya asili. Baada ya Mobutu kutangaza kutaifisha biashara na mashamba ya wageni mnamo Novemba 1973, sehemu nyingi za Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, zilidhoofika, lakini wafanyabiashara wa Butembo walisimama. Msomi Vwakyanakazi Mukohya aliandika tasnifu nzima juu yao, akiangalia miaka ya 1960 hadi 1980, na kazi yake inaonyesha jambo tunalolijua nyumbani: watu hawa walijijengea mtaji bila serikali, kwa mboga, maharagwe, malori, kahawa na dhahabu, na sehemu kubwa ya biashara hiyo haikupita kwenye vitabu vya forodha. Baridi kali ilipoua mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikaruka, na kahawa ikaanza kuvuka mpaka huu usiku na mchana, mara huku mara kule, kufuatana na nani analipa vizuri na kwa fedha gani. Zaire ilikuwa na noti zisizonunua kitu, na Uganda ya Amin ilikuwa na maduka matupu. Mkulima aliyekuwa katikati alifanya alichoweza.

Ninasema haya nikijua kwamba kuna watu watayaita magendo na kuishia hapo. Jina hilo haliwatendei haki waliopeleka mali yao mahali pekee palipokuwa na njia. Kama Kinshasa ingewajengea barabara nzuri ya kwenda kwenye bandari yake, wangeitumia. Haikuwajengea. Reli ilikuwa Kasese.

Kifo cha stesheni kilikuja polepole, kutoka pande nyingi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli lililokuwa moja tangu 1948 likagawanywa vipande vitatu, kila nchi ikishika vichwa vya treni na mabehewa yaliyokutwa kwake. Behewa lililokuwa likitoka Kasese hadi Mombasa kama mtu anayetembea uani kwake sasa likawa linavuka mpaka. Mgodi wa Kilembe, uliokuwa umeporomoka chini ya Amin, ukaacha kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1985 waasi wa Museveni waliushika upande wote wa magharibi na kuutenga na Kampala. Walipoingia madarakani mwaka 1986 tuta lilikuwa tayari limechoka, mataruma yameoza, na hakukuwa na shaba ya kulipia ukarabati.

Hapo ndipo ninapoona kosa. Mgodi ulipofungwa, hesabu ya stesheni ya Kasese ilionekana imefungwa nayo. Kahawa ya Uganda ilikuwepo. Kahawa ya Kongo ilikuwepo. Pamba ilikuwepo, mahindi yalikuwepo, abiria walikuwepo, na upande wa pili wa mpaka palikuwa na mamilioni ya watu wanaohitaji sabuni, chumvi, mabati, saruji na mafuta ya taa. Mzigo huo ulikuwa umetawanyika mikononi mwa watu maelfu, hauna kampuni, hauna mkurugenzi wa kumpigia waziri simu. Kwa hiyo haukuonekana. Malori yakauchukua kidogo kidogo. Novemba 1996 waasi wa ADF waliushambulia mji wa Mpondwe kwa mara ya kwanza, mpaka ukawa mahali pa hofu, na kabla ya muongo kwisha treni ya mwisho ilikuwa imeondoka Kasese. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilipoanza kuvichenjua vile vilima vya mabaki, stesheni yenyewe ilikuwa imekwisha kufa. Rift Valley Railways, iliyokabidhiwa reli za Kenya na Uganda mwaka 2006, haikuirudisha. Miaka iliyofuata watu waling'oa vyuma na kuviuza kama vyuma chakavu, wengine wakalima hadi juu ya tuta.

Stesheni nyingine ya ugenini iliyokuwa ikiwahudumia Wakongo ni Namasagali. Wenzetu wa Ituri walivusha mali yao katika ziwa Albert kwa meli hadi Butiaba, kisha kwa barabara na meli nyingine juu ya ziwa Kyoga hadi Namasagali, ilipoanzia reli ya Busoga ya mwaka 1912. Maji yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakaharibu bandari ya Butiaba, na njia yote ikafa. Lakini majengo ya Namasagali yaligeuzwa shule, na shule hiyo ikasomesha watu waliokuja kuwa mawaziri wa Uganda. Mungbere, kwa upande wake, haikupata hata bahati hiyo. Reli ya Vicicongo ilimezwa na msitu. Nikizilinganisha stesheni hizi tatu, naona Kasese ndiyo pekee ambayo sababu yake ya kuwepo haijaondoka: mzigo bado unapita mlangoni pake kila siku, juu ya magurudumu.

Nenda Kasindi siku yoyote ya soko. Malori ya Mombasa yamepanga foleni kuanzia daraja, madereva Wakenya, Waganda na Wasomali wamekaa chini ya matela wakipika chai, wengine wanangoja karatasi za forodha (DGDA) na za ukaguzi wa bidhaa (OCC). Zinaingia kontena za bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Butembo wamezinunua Dubai na Guangzhou, inaingia saruji, yanaingia mafuta ya kupikia na vipuri vya pikipiki. Inatoka kahawa, inatoka kakao ya Beni, zinatoka mbao. Akina mama wanavuka kwa miguu na vifurushi kichwani. Hapo hapo kontena linafunguliwa, na mali inahamishiwa kwenye Fuso ndogo zinazoweza kuhimili barabara zetu, mikono juu ya mikono, katoni kwa katoni. Ile kazi ya kushusha na kupakia ambayo reli ya Kasese ilituepusha nayo imerudi, na kila mkono unaogusa unalipwa.

Anayelipa ni nani? Watu wa Kirumba wanapaswa kulijua jibu, maana ni wao. Bei ya kahawa ya arabika inapangwa New York, ile ya robusta na ya kakao London, na hakuna mnunuzi wa huko anayeongeza senti kwa kuwa barabara ya Lubero ina matope. Mnunuzi wa Mombasa anaondoa gharama zake, msafirishaji anaondoa zake, wakala wa Kasindi, mwenye lori la Butembo, vizuizi vya njiani, kila mmoja anaondoa zake, na kinachobaki chini kabisa ndicho kinachoitwa bei ya mkulima. Kirumba iko mbali zaidi kwenye barabara hiyo: mzigo wetu unapanda kwanza kaskazini kupitia Kaseghe na Alimbongo, unafika Lubero, unafika Butembo, ndipo unaanza safari ambayo mtu wa Beni anaianzia mlangoni kwake. Na kabla ya lori palikuwa na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao: kijana mmoja anayeshindana na mteremko akiwa na magunia manne juu ya mti. Kila kilomita inayorahisishwa kati ya Lubiriha na bahari inarudi mfukoni mwa kijana huyo, au ingerudi, kama ushindani ungekuwepo.

Reli inaleta ushindani huo. Kichwa kimoja cha treni kinavuta mabehewa 20 na zaidi, kila behewa likibeba takriban mzigo wa lori kubwa, kwa madereva wawili na dizeli iliyo kidogo sana kwa kila tani. Barabara haiwezi kuifikia hesabu hiyo kwa safari ya kilomita 1,600. Sisemi malori yatoweke. Kenya ilipoanza kulazimisha kontena zipande treni ya kisasa kutoka Mombasa, vijana wa malori na maghala ya mji ule waliandamana mitaani, na walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu walilazimishwa bila kushauriwa. Mzigo usilazimishwe. Uachwe uchague.

Sasa tufike kwenye reli inayosemwa. Oktoba 2024 Uganda ilisaini mkataba na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi kujenga reli ya kisasa ya SGR kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, kwa euro bilioni 2.7. Hicho ni kipande cha kwanza. Kwenye michoro ya muda mrefu kuna tawi la magharibi linalofika Mpondwe. Kongo yenyewe ilisaini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mnamo Aprili 2022. Barabara ya Kasindi hadi Beni na ile ya Beni hadi Butembo zimo katika mradi wa kilomita 223 ambao Museveni na Tshisekedi waliuzindua mwaka 2021. Kwa hiyo mlango uko wazi kiasi, na mazungumzo yanaendelea katika meza ambazo sisi hatujakaa.

Najua jibu nitakalopewa na wengi, hasa kwetu Kirumba. Wataniuliza: unaongea reli watu wakiwa hawana hata usingizi? Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, na Kirumba ikafuata. Familia zilitembea kwa miguu kuelekea Lubero na Butembo na magodoro vichwani. Upande wa Beni ADF wanaua watu mashambani miaka nenda miaka rudi, na Juni 2023 walivuka wakachoma bweni la wanafunzi pale Mpondwe, si mbali na mahali hapo reli inapochorwa. Maswali hayo ni ya haki na sina jibu la kuyafuta. Ninachosema ni kwamba michoro haingoji amani yetu. Wahandisi wanapima sasa, mabenki yanahesabu sasa. Reli ya Kampala hadi Kasese ilichukua miaka mitano kujengwa na ikaamua biashara ya mkoa huu kwa miaka 40. Tukisubiri vita viishe ndipo tuseme tunataka nini, tutakuta mahali pa stesheni pamekwisha kuchaguliwa, na ghala limekwisha kukodishwa.

Wasiwasi wangu mkubwa ni huo wa ghala. Uganda ilitafuta kwa miaka mingi mtu wa kuifufua Kilembe. Kampuni ya Tibet Hima ya China ilikabidhiwa mgodi mwaka 2013, na miaka michache baadaye mkataba ukavunjwa. Siku mgodi utakapofufuka, itakuwa rahisi sana kuipanga reli ya magharibi kwa ajili yake tena. Na upande wetu kuna wakubwa wanaoiota reli ya kutoa madini ya Kongo tu, treni ndefu zilizofungwa, zinazopita bila kusimama. Sipingi shaba wala kobalti kulipia chuma. Lakini stesheni ya mwisho iwe na jukwaa la mizigo midogo, ambako chama cha ushirika chenye magunia 50 kinaweza kuyachanganya na ya wengine katika behewa moja na kila mmoja akapewa karatasi yake. Iwe na mizani inayoonekana na mwenye mali. Iwe na treni ya abiria hata mbili kwa wiki, kwa ajili ya wagonjwa wanaokwenda kutibiwa Kampala, wanafunzi, na wale akina mama wa vifurushi. Na reli isiishie ng'ambo ya mto. Daraja la Lubiriha ni fupi. Kuvusha chuma kilomita moja au mbili hadi Kasindi, ukajenga bandari kavu pale, kunahamisha ajira za upakiaji, ukaguzi na ghala kuja upande unaotoa kahawa na kakao. Karatasi ya mzigo ikitolewa Kasindi, kahawa yetu itaondoka ikiandikwa ni ya Kongo, na kodi yake itajulikana ilipoingia. Hivi sasa sehemu kubwa inavuka kimyakimya na kuhesabiwa kama mavuno ya jirani.

Kazi hii si ya Kinshasa peke yake. Kinshasa iko mbali na Lubiriha kuliko Mombasa ilivyo. Butembo kuna Shirikisho la Makampuni ya Kongo, FEC, lenye watu wanaojua bei ya kontena hadi senti ya mwisho. Kuna Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben, chenye wachumi na wahandisi. Kuna vyama vya ushirika vya kahawa Lubero na vya kakao Beni, kuna vyama vya wenye malori, na kuna watu wa Kirumba waliotawanywa na vita ambao bado wanayo mashamba na wanajua yalikuwa yakitoa magunia mangapi. Wakae pamoja, waandike tani wanazotoa na tani wanazoingiza kwa mwaka, kwa majina ya bidhaa na ya njia, na kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa Mpondwe wazipeleke hesabu hizo Kampala na kwa sekretarieti ya Jumuiya huko Arusha. Mzigo wa watu maelfu ulikosa mwandishi mwaka 1956, ukakosa tena mgodi ulipofungwa.